Gari la baba mdogo linakula oili, na mwenzangu kazini anataka kulinunua

Shangazi shikamoo,

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina miaka 38. Nina mume na watoto watatu, ila kazi ya mume wangu iko Mwanza na nyumbani anaonekana likizo na sikukuu tu. Ya kila siku nayamaliza mwenyewe: shule, soko, hospitali, misiba. Kwa hiyo gari kwangu si starehe.

Mwaka juzi baba yangu mdogo anayeishi Dar es Salaam aliniuzia Toyota IST yake ya mwaka 2004, ile ya injini ndogo ya cc 1300. Tulikubaliana milioni nane na nusu kwa awamu, na awamu ya mwisho akanisamehe. Huyu ndiye aliyenisomesha baada ya baba yangu mzazi kufariki nikiwa kidato cha pili. Siku ananikabidhi ufunguo alisema, "Hili halijawahi kunisumbua. Wewe weka mafuta, tembea." Sikuita fundi wa kulikagua. Kumleta fundi pale kungekuwa kumkagua yeye.

Miezi ya mwanzo lilikwenda vizuri. Kisha jioni moja nakata kona pale Msamvu, ile taa nyekundu yenye picha ya kibirika ikawaka, ikazima. Kona iliyofuata ikawaka tena. Nikaingia gereji ya kando ya barabara. Kijana akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena akanionyesha: ncha tu ndiyo iliyolowa, nyeusi tii. Akaongeza lita mbili. Akalala chini na tochi kutafuta panapovuja, hakuona hata tone. Akainuka akipangusa mikono, akasema, "Mwalimu, hili linakula."

Tangu siku hiyo buti langu halikosi chupa za oili. Lita moja inaisha kama kila wiki mbili, na lita moja nanunua 13,000. Nikiwasha asubuhi unatoka moshi wa bluu mpaka jirani anafunga dirisha, halafu unakata. Plagi nimeshabadilisha, na kila zikitolewa moja inatoka mbichi kwa oili. Taa ya injini kwenye dashibodi inawaka siku zote, nimeizoea. Kwenye foleni gari linatetemeka. Kuna fundi mwingine aliwahi kuitoa themostati, kile kidude cha kudhibiti joto la injini, akasema nchi yetu ya joto haiihitaji, na tangu hapo naona hata petroli inakwenda haraka zaidi.

Nimeuliza mafundi watatu nikapata majibu matatu. Wa kwanza anasema ovaholi: ringi za pistoni, sili za valvu, beringi, seti ya gasketi na ufundi wake, jumla 1,200,000. Wa pili ananicheka, anasema nisitupe hela kwenye ovaholi, ninunue injini ya mtumba Dar kwa 1,700,000, kuifunga 250,000, usafiri ni juu yangu. Wa tatu ni rafiki wa mume wangu. Yeye anasema nimimine oili nzito ya 20W-50 na ile dawa ya chupa, moshi utatulia miezi miwili mitatu, niuze.

Hela ninayoitegemea ni ya kikoba. Tunavunja mwezi ujao, nitapata 2,300,000. Nilishaipangia madirisha na milango ya nyumba yetu Kihonda. Bati ziko juu, chini bado tumeziba kwa mabanzi, na tunapanga kwa watu.

Sasa kuna mwalimu mwenzetu, kijana, ameajiriwa juzijuzi, mke wake ni mjamzito. Ananiomba nimuuzie. SACCOS wako tayari kumkopesha milioni saba. Nilipomwambia atafute gari lingine alicheka: "Dada, hili lako nalijua, si nalipanda kila siku?" Ni kweli huwa nampa lifti mchana tukitoka shule, na mchana moshi hauonekani. Mume wangu anasema, "Muuzie. Gari la mkononi kila mtu anajua ni gari la mkononi. Aje na fundi wake, asipokuja naye shauri yake."

Na baba mdogo tukikutana kwenye shughuli yoyote swali lake la kwanza ni, "Lile gari linaendeleaje?" Namjibu, "Zuri baba, linanisaidia sana." Nikifikiri alijua, naumia. Nikifikiri hakujua, naona aibu kumwambia.

Shangazi, nitengeneze, nibadilishe injini, niuze nikanyamaza, au niseme ukweli nipate nusu ya bei? Na Desemba kuna sendofu ya binti yake huko Dar. Ukoo mzima unajua nitakwenda na gari, nibebe mama na mashangazi. Hilo nalo linaninyima usingizi.

Mwalimu wa Kihonda

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu mwalimu. Pole, na hongera pia, maana mtu aliye kwenye mkao wako angeshamimina hiyo 20W-50 zamani, akahesabu milioni saba zake, na mimi nisingepata barua.

Nimeisoma na naona mambo matatu umeyapakia kwenye gari moja. Kuna injini inayokula oili na hela ya kikoba inayotosha kitu kimoja tu. Kuna kijana anayetaka kukopa kwa ajili ya gari ambalo wewe unalijua na yeye anadhani analijua. Halafu yupo baba mdogo, unayemwambia "zuri" huku roho inakusuta. Umeniuliza la kwanza kwa urefu na la mwisho kwa mistari michache, lakini naona la mwisho ndilo linalokuuma zaidi. Hata hivyo nitaanza na injini, kwa sababu haya mawili mengine yanasubiri jibu ambalo mpaka leo huna.

Katika mafundi wako watatu, yupi alipima? Nimerudia barua mara mbili kutafuta. Mmoja kataja bei ya ovaholi, mmoja bei ya injini, mmoja njia ya kuficha. Hakuna aliyefungua boneti akakuachia namba. Barua yako bila jina nimemsomea fundi ninayemwamini, mzee aliyezeeka na magari ya Toyota, na yeye aliguna hapohapo.

Anavyoeleza yeye ni hivi. Injini yako, ile ya 2NZ ya cc 1298, ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye Funcargo, Platz na Probox za cc 1300, kwa hiyo mafundi wanaijua na spea zake zipo. Inachukua oili isiyofika lita nne. Kijana wa Msamvu alipoongeza lita mbili maana yake ulikuwa umetembea na chini ya nusu, na ndiyo sababu taa iliwaka kwenye kona: oili kidogo iliyobaki ilikimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa. Ile taa haipimi wingi wa oili, inapima msukumo. Ikiwaka umeshachelewa. Kwa hiyo uamue lolote kuhusu gari, kijiti kichomolewe kila Jumamosi asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare. Wafundishe na watoto, kazi yenyewe ni ya dakika moja.

Oili inapotea kwa njia chache. Inaweza kuvuja, na kukosa tone chini ya gari lililosimama hakutoshi kuwa ushahidi, maana kuna sili zinazovuja injini ikizunguka tu, oili ikapeperushwa na upepo chini kwa chini. Inaweza kunyonywa kupitia valvu ya PCV, kidude cha bei ndogo juu ya injini kinachorudisha mvuke wa ndani. Kikiziba au kikikwama, injini inameza oili, na wapo watu waliofanya ovaholi bila mtu kukigusa. Inaweza kupita kwenye sili za valvu. Au inapanda kutoka chini kupitia ringi za pistoni.

Hapo ndipo barua yako ina habari kuliko unavyodhani. Moshi wako ni wa asubuhi, halafu unakata, na mchana ukiwa na abiria hauonekani. Mzee anasema tabia hiyo inaelekea zaidi kwenye sili za valvu: usiku kucha oili inateremka taratibu kwenye mashina ya valvu, asubuhi inaungua yote kwa mkupuo. Ringi zilizochoka mara nyingi hutoa moshi hata injini ikiwa ya moto, hasa ukikanyaga mafuta kupanda kilima. Umesema pia ni plagi moja inayotoka mbichi. Ingekuwa injini nzima imechoka sawasawa, zingetoka mbichi zaidi ya moja. Sisemi ringi zako ni nzima. Lita moja kwa wiki mbili ni nyingi, na magonjwa mawili yanaweza kukaa pamoja. Ila kati ya kubadilisha sili za valvu, kazi inayoweza kufanyika bila kushusha injini, na kununua injini nyingine, kuna tofauti kubwa ya madirisha.

Kipimo chenyewe ni cha kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila mtungi (silinda) wa injini. Fundi anatoa plagi zote nne, anafunga geji kwenye tundu moja baada ya jingine, msaidizi anapiga stata huku amekanyaga mafuta mpaka mwisho. Zinapatikana namba nne na ziandikwe kwenye karatasi yako, zisibaki kichwani mwake. Kwenye mtungi wenye namba ya chini anadondosha oili kama kijiko kimoja, anapima tena. Namba ikipanda, ringi ndizo zimechoka. Isipopanda, atazame valvu au gasketi ya silinda hedi. Mwambie pia asome ile taa ya injini kwa mashine. Umeizoea, lakini huenda inakutajia mtungi uleule wa plagi mbichi.

Usishangae namba zote nne zikija nzuri. Kwenye kila pistoni ringi za juu zinabana mgandamizo, na chini yake ipo ringi ya kukwangua oili kwenye kuta za mtungi. Hii ya chini inahitaji vitundu vya kurudishia oili kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Oili ikizeeka ndani ya injini bila kubadilishwa, vitundu vinaziba kwa masizi na ringi inaganda mahali pake. Gari linabaki na nguvu zake, kompresheni safi, na bado linakula lita. Ugonjwa huu unapenda magari ya safari fupi za mjini, nyumbani kwenda kazini na kurudi, oili inabadilishwa siku mwenyewe akikumbuka. Unaanza kidogokidogo, na kama kila service gereji inamwaga iliyobaki na kujaza mpya, mwenye gari anaweza kumaliza miaka bila kujua kwamba iliyomwagwa ilikuwa pungufu. Hayo yashike, nitayarudia nikifika kwa baba mdogo.

Sasa bei ulizopewa.

Ovaholi ya 1,200,000 ni bei ya injini ambayo haijafunguliwa. Ikifunguliwa huwa inazungumza: cheni imelegea, hedi imepinda, beringi zimekwanguka. Bloku ya injini hii ni ya aluminiamu na ndani ya mitungi kuna silivu nyembamba za chuma, kwa hiyo haichongwi kirahisi kama bloku za zamani za chuma kitupu. Mitungi ikiwa imeshakwanguka, ringi mpya zitakaa juu ya ukuta mbovu, na baada ya miezi michache uko tena na chupa kwenye buti. Kabla hajaigusa, muulize fundi wa kwanza swali moja: akikuta silivu zimekwisha, anasimama na kukupigia simu, au anaendelea? Jibu lake litakuonyesha ni fundi wa aina gani. Spea nunua mwenyewe, hata kama ni kwa kuongozana naye, risiti zibaki kwako, na vilivyotolewa uvione. Jipangie pia usafiri, maana gari lililofunguliwa linaweza kulala gereji wiki kadhaa.

Injini ya mtumba ina raha yake, unaweza kulipeleka gari asubuhi na kulichukua kesho yake. Lakini ukijumlisha 1,700,000 na 250,000 tayari ni 1,950,000 kabla ya usafiri na oili mpya, na kikoba chote kimebaki na chenji. Unanunua injini usiyoijua ilikotoka. Inaweza kuwa imetoka Japani na maisha marefu mbele yake, inaweza pia kuwa imetoka kwenye gari la hapahapa lililokuwa linakula oili kama lako. Wauzaji wa Ilala na Kariakoo mara nyingi hutoa siku chache tu za kujaribu. Kama utakwenda huko, nenda na fundi aliye upande wako, mfuniko wa oili ufunguliwe muone kama ndani kuna tope, kompresheni ipimwe hapohapo, na risiti iandikwe namba ya injini. Namba hiyo ni muhimu kwa jambo jingine: kadi ya gari lako imeandikwa namba ya injini ya sasa, na ukibadilisha TRA wanapaswa kujulishwa ili kadi irekebishwe. Wapo watakaokushawishi uweke 1NZ ya cc 1496 kwa kuwa inaingia palepale na ina nguvu zaidi. Inaingia kweli. Na kadi nayo itakuwa inasema uongo mpaka uirekebishe.

Lipo na chaguo ambalo hukuniuliza: kuliacha linavyokula, ukalilisha. Tumia hesabu zako mwenyewe. Lita moja kwa wiki mbili ni lita 26 kwa mwaka, kwa 13,000 ni 338,000. Ukilinganisha na ovaholi, unapata zaidi ya miaka mitatu ya kuongeza oili kwa hela hiyohiyo, na madirisha yakawekwa mwaka huu. Wako watu wengi wanaishi hivyo na magari yao yanatembea. Hatari zipo. Oili inayoungua inachafua plagi, inaharibu sensa ya oksijeni na katalaiza ya kwenye egzosi. Siku ukisahau kuongeza, beringi zinasagika na kikaza cheni, ambacho nacho kinaendeshwa na msukumo wa oili, kinalegea. Injini ikinoki njiani hutachagua tena kati ya mafundi watatu. Chaguo hili linamfaa mtu asiyesahau kijiti, na wewe peke yako ndiye unayejua kama ni mtu huyo, ukiwa na watoto watatu na mitihani ya kusahihisha. Pima matumizi kwa kilomita, usipime kwa wiki. Andika namba ya dashibodi kila unapoongeza, utajua kama hali imesimama au inazidi.

Themostati irudishwe, hilo halina mjadala mkubwa na gharama yake ni ndogo. Joto la nchi halihusiani. Injini isiyofikia joto lake inachoma petroli zaidi, ndiyo hiyo unayoiona ikikimbia, na inachakaa mapema. Ukiirudisha weka kulanti ya kweli, maji ya bomba yanaleta kutu, na aluminiamu ikichemka hedi inapinda.

Hiyo 20W-50 nayo ina maneno mawili. Kuna mtu mwenye injini ya zamani anayepanda daraja kidogo la oili, tuseme kwenda 10W-40, ili ipunguze kuliwa, naye anajua anachofanya. Injini yako ina VVT-i, mfumo unaorekebisha wakati wa valvu kufunguka, unaotegemea oili ipite haraka kwenye njia nyembamba, na ndiyo maana ilitengenezewa oili nyepesi. Lakini wewe hukushauriwa kupunguza ulaji. Ulishauriwa kuzima moshi mpaka mnunuzi asaini.

Tumefika kwa kijana.

Mume wako ana hoja, na sipendi umwone ni mtu asiye na roho. Anayenunua gari la miaka zaidi ya ishirini anajua hanunui jipya, na ni haki aje na fundi. Yuko mbali, anasikia simu za gari bovu kila wiki, anataka mkewe apumzike. Ila kuna tofauti kati ya kuuza gari lilivyo na kuuza gari lililofanyiwa dawa. Mimi si wakili, lakini Sheria ya Mikataba yetu, Sura ya 345, inahesabu kuficha jambo kwa makusudi kuwa ni aina ya ulaghai, na mkataba wa namna hiyo aliyedanganywa anaweza kuukataa. Sidhani kijana huyu atakupeleka mahakamani. Atafanya kitu kigumu zaidi, atakaa meza ya pili kwenye ofisi ya walimu huku mshahara wake unakatwa na SACCOS kila mwezi, naye ana chupa ya oili kwenye buti lake.

Umesema ukimwambia ukweli utapata nusu ya bei. Nani kakwambia nusu? Hizi IST za kizazi cha kwanza, za kati ya 2002 na 2007, bei yake haishuki kirahisi, sababu mojawapo ikiwa kwamba anayeagiza jingine la umri huo anakutana na ushuru wa ziada wa uchakavu unaotozwa magari yaliyovuka miaka minane. Bodi nzuri, gia nzuri, injini yenye tatizo linalojulikana kwa jina na kwa bei ya kulitengeneza, huyo mnunuzi yupo. Ukiwa na ile karatasi ya kompresheni unaweza kusema, "Gari hili linakula oili, tatizo liko hapa, matengenezo yake ni kiasi hiki, nimekupunguzia kiasi hiki." Huenda kijana akaondoka. Na mke wake akikaribia kujifungua, huenda hiyo ndiyo huruma yenyewe. Huenda pia akakubali, akatengeneza kabla hajaanza kulitumia, akakushukuru. Upo uwezekano wa tatu, akahisi unamkatisha tamaa ili umuuzie mtu mwingine, maana tayari kacheka mara ya kwanza. Ukitaka kumwambia, mwambie asubuhi, kabla injini haijawashwa, asimame nyuma ya gari, ndipo uwashe.

Swali moja tu nikuulize hapa. Ukiuza, utaendea nini shuleni na watoto? Hukugusia kabisa. Milioni saba zikiingia mkononi, nyumba ya Kihonda itaziita zote, na mwakani utakuwa unatafuta gari lingine lenye historia usiyoijua kuliko hili.

Na baba mdogo. Unadhani kuna majibu mawili tu, alijua au hakujua. Mimi nakurudisha kwenye ile ringi ya kukwangua oili. Mzee wa safari fupi, gari lake linahudumiwa na gereji ileile, moshi wa asubuhi anauona mlinzi anayefungua geti. Anaweza kusema "halijawahi kunisumbua" na akawa anasema alichokiona. Wewe mwenyewe ulikaa nalo miezi bila kujua, na ungeulizwa wakati ule ungejibu kama yeye. Inawezekana pia alikuwa na wasiwasi, na ile awamu aliyokusamehe ndiyo ilikuwa namna yake ya kulipunguza bei bila kusema. Sijui. Wewe unamfahamu.

Kuna njia ya kumwuliza isiyomvua heshima. Usimwambie gari ni bovu. Mwombe msaada: "Baba, nataka kulifanyia service kubwa, ulikuwa unaweka oili gani na unabadilisha kila baada ya muda gani? Fundi wako wa zamani yuko wapi?" Haya ni maswali ya mtu anayetunza alichopewa, na majibu yake mafundi wanayahitaji kwelikweli. Akianza kueleza, sikiliza. Akikaa kimya kidogo, sikiliza na hapo. Ila ujiandae na hatari moja: anaweza kukasirika, au kwa fadhila zake akataka kukurudishia hela ambayo pengine hana, wakati ana sendofu ya binti yake. Kama unaogopa hilo, subiri shughuli ipite. Ninachokiona kwako ni kwamba kila "zuri baba" unayoitoa inakuwa nzito kuliko iliyotangulia. Kwa kuwa gari lenyewe linakusaidia kweli, ungeweza hata leo kujibu, "Linanisaidia baba, ila linakula oili kidogo," ukaona uso wake unafanyaje.

Kuhusu safari ya Desemba. Kama injini haijapimwa mpaka wakati huo, siku hizi kuna treni ya SGR, Morogoro mpaka Dar, na mashangazi nina hakika watafurahia madirisha yake. Ukoo ukiuliza gari liko wapi, sema liko kwa fundi, na ikiwezekana liwe kwa fundi kweli. Ukiamua kwenda nalo, badilisha oili wiki moja kabla ili uone mapema kama kuna kitu kipya kinavuja, beba lita mbili, simama Chalinze. Zima injini, waache akina mama wanyooshe miguu wanunue matunda, na baada ya dakika kama tano hivi chomoa kijiti. Ukifika Dar chomoa tena uandike, namba hiyo ya barabara ndefu mzee wangu ataitaka. Niletee pamoja na zile nne za kompresheni.